Ramani ya kwenye simu



Kwenye makundi ya simu, hoja hii haiishi: Wakurya ni wa Kenya au wa Tanzania? Mmoja anatuma sauti ya dakika nne, mwingine anajibu kwa matusi, wa tatu anarusha ramani. Hapo ndipo mjadala hufungwa, kwa sababu ramani huogopwa kama hati ya mahakama.

Hebu itazame vizuri. Ukiletewa ramani inayodaiwa ni ya mwaka 1890, na nchi yetu imeandikwa Tanganyika, hiyo ni ya uongo. Ziwa lilikuwa na jina hilo; nchi ililipata mwaka 1920, chini ya Waingereza. Kabla yao ilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Na mpaka wenyewe? Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari kutoka mto Umba, pwani, hadi Ziwa Viktoria. Mkurya hakuulizwa. Ndiyo maana koo za Kikurya kama Wairegi, Wakira na Wanyabasi ziko pande zote mbili. Swali lenyewe, kwa maoni yangu, limekaa vibaya.

Bishaneni, ndugu zangu, ubishi una utamu wake. Ila ujumbe wa uongo wa kuchochea koo usiusambaze. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayechapisha taarifa za uongo huku akijua ni za uongo, kwa nia ya kupotosha watu.