Haki ya Mnyonge na Viwango vya Vyombo vya Umeme

Mazungumzo kwa viongozi wa walei, Kibaha na Kisarawe



Kwa miaka mingi swali la wananchi wa wilaya zetu kuhusu umeme lilikuwa moja: nguzo zitafika lini? Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 iliunda Wakala wa Nishati Vijijini, na kupitia miradi yake familia nyingi zimeunganishwa kwa ada ya shilingi 27,000. Mwaka 2024 Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme kwenye Mto Rufiji. Sasa hatuna budi kuuliza swali la pili: umeme uingiao katika nyumba ya mnyonge unamfaa, au unapotelea ndani ya vyombo alivyouziwa?

Tupige hesabu. Bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016 zilimwekea mtumiaji mdogo shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti iliyozidi ilikuwa shilingi 350, kabla ya kodi. Chukueni nyumba yenye globu nne za wati 60, zinazowaka saa tano kila usiku. Hizo hula uniti 36 kwa mwezi. Tuseme friji kuukuu la mtumba linakula uniti mbili kwa siku, yaani 60 kwa mwezi. Jumla ni 96, na gharama ni shilingi 14,850.

Nyumba ya jirani ina taa nne za LED za wati 9 na friji linalokula uniti moja kwa siku. Jumla haifiki uniti 36, na gharama ni kama shilingi 3,540. Mwanga ni uleule na baridi ni ileile. Tofauti kwa mwaka inapita shilingi 135,000, nayo ni karo, dawa na mbegu.

Rahisi ghali, walisema wazee wetu. Lakini mnunuzi wa Mlandizi au Maneromango atajuaje? Friji halisemi linakula kiasi gani. Muuzaji naye mara nyingi hajui, wala hatupendi kumhukumu, kwa kuwa naye anatafuta riziki. Mahali ambapo mnunuzi hawezi kuona, sheria yapaswa kuona kwa niaba yake.

Wenzetu wamefanya hivyo. Kenya ilitunga kanuni mwaka 2016 zinazotaka majokofu, viyoyozi, mota na aina fulani za taa vifikie kiwango cha chini cha ufanisi na vibandikwe lebo yenye nyota. Kadiri nyota zinavyozidi, ndivyo umeme unavyopotea kidogo. Ghana ilipiga marufuku uingizaji wa mafriji yaliyokwisha kutumika kwa kanuni ya mwaka 2008, ikaanza kuisimamia kwa nguvu mwaka 2013, kwa sababu mitumba hiyo ilikuwa ikimaliza umeme wa taifa.

Hapa kwetu Shirika la Viwango Tanzania liliundwa mwaka 1975, na sasa linaongozwa na Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Kiwango kikitangazwa kuwa cha lazima, bidhaa isiyokifikia hairuhusiwi kuuzwa. Tunachodai ni kwamba viwango vya matumizi ya umeme viwe na nguvu hiyo, vianzie bandarini na vifike hadi duka la kijijini, visibaki katika makabati ya ofisi.

Wapo watakaosema: chombo bora ni ghali, na sheria hii itamnyang'anya maskini friji lake pekee. Hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo tunadai pia wafanyabiashara wapewe muda, kodi ya vyombo bora ipunguzwe, na vikundi vyetu vya kuweka na kukopa viwakopeshe wanachama kwa ajili hiyo. Sheria isiyomwandalia mnyonge njia ya kuifuata humwongezea mzigo.

Kwa ndugu zetu wa Kisarawe jambo hili lina sura nyingine. Jiko la mkaa nalo ni chombo. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imeumizwa sana na uchomaji mkaa, na jiko linalopoteza moto huomba gunia jingine. Anayedai kiwango cha friji adai pia kiwango cha jiko.

Tusingoje Dodoma peke yake. Tuanze na nyumba za parokia, shule na zahanati zetu: tuhesabu taa, tupime uniti, tubadilishe kinachopoteza.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogondogo:

1. Ni chombo gani nyumbani kwetu kinamaliza uniti haraka, na tumejuaje?
2. Nani katika jumuiya yetu anashindwa kununua chombo bora? Tumsaidieje?
3. Tutamwuliza nini diwani na mbunge wetu kuhusu viwango hivi, na ni nani kati yetu atakayekwenda kuwauliza?