KAPI NA KALAMU YA KARANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni, nayo yapigwa chapa hapa kwa ombi la wale wasioweza kuhudhuria.)



Tulipoombwa kusema nanyi jioni hii, wengine walidhani tutasema habari za mishahara, au za likizo, au za nyumba. Mambo hayo ni makubwa, nayo yana siku yake. Leo twaomba ruhusa yenu tuseme habari za chombo kidogo ambacho kila mmoja wetu amekiona, lakini wachache tu wamekaa kukitazama. Chombo hicho ni kapi.

Huenda mtu akauliza: karani ana nini na kapi? Kazi ya karani ni kalamu. Kapi ni kazi ya mahamali na mabaharia. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kabla ya kuketi. Ila kwanza yatupasa kukijua chombo chenyewe.

Kapi ni gurudumu dogo lenye mfereji ukingoni mwake, limewekwa ndani ya nyumba ya mti au ya chuma, nalo lazunguka juu ya msumari wake. Kamba hupita katika mfereji ule. Basi, hayo ndiyo yote.

Namna ya kwanza ni kapi lililotundikwa katika boriti, lisilopanda wala kushuka. Upande mmoja wa kamba una mzigo, na upande wa pili wavutwa na mtu. Kapi hili halipunguzi uzito hata kidogo. Mzigo wa kilo 50 wataka mvuto wa kilo 50, na zaidi kidogo kwa sababu ya msuguano. Faida yake ni kwamba mtu huvuta kwa kwenda chini, akautumia uzito wa mwili wake mwenyewe, badala ya kuinua kwa mgongo.

Namna ya pili ni kapi lililofungwa katika mzigo, likapanda pamoja nao. Ncha moja ya kamba imefungwa juu. Kamba yashuka, yalizunguka kapi, kisha yapanda tena hata mikononi mwa mvutaji. Hapo mzigo umetundikwa katika kamba mbili, na kila moja yachukua nusu. Kilo 50 zimekuwa 25. Na ukiyaunga makapi, mawili juu na mawili chini, mzigo hutundikwa katika kamba nne, na mvutaji hutakiwa robo tu ya nguvu.

Watu wengi wakifika hapo hudhani wamepata nguvu ya bure. Sivyo. Mzigo ukiwa katika kamba nne, ukitaka upande mita moja, ni lazima uvute mita nne za kamba. Ulichopunguza katika nguvu umekilipa katika urefu wa kamba na katika wakati. Sisi makarani twalifahamu jambo hili upesi, maana ni hesabu ya pande mbili: kilichotolewa upande huu chaandikwa upande ule, na mwisho wake daftari husawazika. Tena kila kapi hutoza ushuru wake mdogo, nao ndio msuguano. Kwa hiyo kuongeza makapi bila kiasi si akili.

Wazee wetu wa pwani waliijua elimu hii bila ya kuisoma katika kitabu. Tazameni jahazi likitweka tanga. Foromali ni mti mrefu na mzito, na tanga likilowa maji uzito huzidi. Kamba nene iitwayo henza yapanda juu ya mlingoti. Ncha yake moja imeshika foromali, na ncha ya pili imeshika gofia, yaani kapi kubwa. Chini, karibu na sitaha, kuna kapi jingine liitwalo abedari. Kamba iitwayo jarari hupita katika gofia na abedari, ikazidisha nguvu za mabaharia. Wao huvuta wakiimba, ili mikono yote ishike kwa wakati mmoja. Lakini kabla ya kuvuta, nahodha huitazama jarari kama imechakaa, naye huujua uzito wa foromali yake kama mtu aujuavyo uzito wa mtoto wake.

Shikeni neno hilo la kuujua uzito, maana ndilo lililotuleta hapa.

Habari za makapi ni za kale sana. Plutarch asimulia kwamba Archimedes, mwenye hekima wa mji wa Syracuse, aliyeuawa mwaka 212 kabla ya Kristo, aliivuta meli yenye watu na shehena kwa makapi mengi yaliyoungwa pamoja, naye ameketi mbali kwa raha. Lakini sisi twapenda zaidi habari ya mtu mwingine, Domenico Fontana, fundi wa majengo wa Papa Sixtus wa Tano.

Katika mji wa Roma palikuwa na nguzo ya jiwe moja, iliyoletwa kutoka Misri zamani za makaisari. Papa alitaka ihamishwe, isimamishwe mbele ya kanisa la Mtakatifu Petro. Fontana hakuanza kwa kuita watu wala farasi. Alianza kwa kalamu. Alikata kipande kidogo cha jiwe la namna ileile, akakipima kwa mizani. Kisha akaipima nguzo urefu wake na upana wake, akafanya hesabu. Akapata zaidi ya ratili 960,000 za Kirumi, yaani yapata tani 330 za leo. Akakadiria kwamba kila duara, yaani mtambo wa kuzungushia kamba, pamoja na makapi yake, laweza kuinua ratili 20,000. Basi akaweka maduara 40, na uzito uliobaki akaupa wenzo za miti minene. Mwezi wa Aprili 1586 watu zaidi ya 900 na farasi 75 waliinyanyua nguzo ile kutoka mahali pake pa zamani, na mwezi wa Septemba mwaka uleule ikasimamishwa mahali ipo hata leo. Watu wengi huwasifu farasi na kamba. Sisi twaisifu hesabu iliyotangulia.

Sasa tuseme mambo mawili ambayo macho hayayaoni upesi, nayo yamewaumiza watu wengi.

La kwanza ni boriti. Mzigo wa kilo 100 ukitundikwa katika kapi la namna ya kwanza, na watu wakivuta kwenda chini, boriti haichukui kilo 100. Yachukua uzito wa mzigo na mvuto wa watu pia, yaani kilo 200 na zaidi. Aliyeipima boriti kwa uzito wa mzigo peke yake amepunja nusu.

La pili ni kamba ya kufungia mzigo. Jioni hii mkirudi nyumbani, chukueni ndoo ya maji na kamba. Pitisheni kamba katika mkono wa ndoo, watu wawili washike ncha zake. Mkisimama karibu, kila mmoja huchukua nusu ya ndoo. Anzeni kuachana polepole, ndoo ikiwa ileile na maji yaleyale. Mtaona mikono yatetemeka. Pande mbili za kamba zikipanuka hata kila moja ikapanda kwa pembe ya digrii 30 tu kutoka usawa wa ardhi, kila upande huvutwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa ndoo nzima. Ndivyo ilivyo kwa kasha lililofungwa kwa kamba fupi mno.

Mambo hayo yote mawili huanza na swali moja: mzigo huu una uzito gani? Na swali hilo, mabwana, hulijibu karani. Hapa ndipo kapi linapokutana na kalamu.

Tuwasimulie sasa jambo lililotupata sisi wenyewe. Tulipokuwa vijana tulifanya kazi katika ghala moja la bandari. Tulikuwa makarani wawili, na twasema “sisi” kwa kuwa kosa lilikuwa letu sote. Wakati ule vipimo vya ratili na vya kilo vilikuwa vikitumika pamoja. Siku moja likafika kasha la mashine, na katika karatasi yake pameandikwa 600, bila ya neno lolote mbele wala nyuma. Makasha yaliyotangulia yalikuwa ya ratili. Mmoja wetu akaandika daftarini: ratili 600. Wa pili hakuuliza, akatia sahihi kwamba amehakikisha.

Mnyapara wa mahamali alikuwa mzee mwenye heshima zake. Akalizunguka kasha, akalipiga kwa kiganja, akaja mezani petu.

“Bwana Karani, kasha hili lanitia shaka. Uzito wake ni huo mlioandika?”

“Ndiyo, Mzee. Ratili mia sita. Imeandikwa.”

“Haya, wanangu. Ninyi ndio wenye macho ya karatasi.”

Akaenda akachagua kamba kwa neno letu. Kasha likapanda kiasi cha kimo cha mtu, kisha kamba ikakatika. Zilikuwa kilo 600, yaani ratili zaidi ya 1,300. Hamali mmoja, kijana wa umri wetu, alivunjwa mguu, na tangu siku ile hakubeba mzigo tena. Ulipofanywa uchunguzi, ripoti ilisema kamba ilikuwa mbovu. Mzee yule alikaripiwa kwa kutoikagua kamba yake. Hakuna aliyelifungua daftari letu, nasi tulinyamaza.

Kamba haikuwa mbovu. Kamba iliambiwa uwongo.

Mzee yule amekwisha kufariki dunia, nasi hatukupata kumwambia. Ndiyo sababu twaisema habari hii mbele yenu, si kwa kujisifu wala kwa kutaka huruma, bali ili makarani vijana walioketi nyuma pale waisikie kwetu kabla haijawapata wao.

Msidhani ni habari ya ghala moja tu. Mataifa yameifikiri sana. Mwaka 1929, katika mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa mjini Geneva, ulifanywa mkataba namba 27, ukisema kwamba kila mzigo wa kilo 1,000 au zaidi unaosafirishwa kwa bahari au kwa maji ya ndani uandikwe uzito wake kwa nje, kwa namna iliyo wazi na isiyofutika upesi, kabla ya kupakiwa melini. Angalieni: hawakuagiza kamba nene zaidi. Waliagiza maandishi.

Hata hivyo, maandishi yaweza kuwa ya uwongo. Mwezi wa Januari 2007 meli iitwayo MSC Napoli iliharibika katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa, ikapandishwa ufukoni. Makontena yapata 660 ya juu ya sitaha yaliyobaki makavu yalipimwa upya, na 137 kati yake yalionekana kutofautiana na karatasi zake kwa zaidi ya tani tatu. Moja lilitofautiana kwa tani 20. Baadaye Shirika la Kimataifa la Bahari likaweka amri, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2016, kwamba kontena lililojazwa lisipakiwe melini mpaka uzito wake uwe umehakikishwa. Kuna njia mbili tu: ama kulipima kontena zima pamoja na vilivyomo, ama kupima kila kitu kinachotiwa ndani na kujumlisha na uzito wa kontena tupu. Kukisia si njia ya tatu.

Basi, ndugu wanachama, twaomba kutoa mashauri manne.

Kwanza, nambari isiyo na kipimo chake si nambari. Ukiona 600 peke yake, usiipe jina kwa kudhani, mrudishie aliyeileta.

Pili, usitie sahihi ya kuhakikisha jambo ambalo hukulihakikisha. Sahihi si pambo la karatasi. Ni ahadi kwa mtu aliye chini ya mzigo.

Tatu, anayebeba akisema mzigo wamtia shaka, msikilize. Kiganja cha hamali wa miaka thelathini ni mizani pia, nasi tulikidharau kwa sababu tulikuwa na wino. Kama pana mizani karibu, pima. Nusu saa ya kupima haijapata kumvunja mtu mguu.

Nne, kosa likitokea nawe unajua ni lako, lifungue daftari mwenyewe. Mwenzako asikaripiwe kwa kosa la kalamu yako.

Na mwisho tuna ombi moja kwa Kamati. Kila karani mpya wa ghala au wa bohari apelekwe siku moja kwa mahamali, aishike kamba kwa mikono yake, avute mzigo kwa kapi moja, kisha kwa mawili, kisha kwa manne, na aoneshwe mahali pasipofaa kusimama, yaani chini ya kitu kilichotundikwa. Jambo hilo halitaki fedha nyingi. Akirudi mezani, twaamini ataiandika nambari yake kwa mkono mwingine.

Mwenye swali na aulize. Na wenye ndoo nyumbani wasisahau kuzijaribu.