Kila Mfuko na Alama Yake

Leo nazungumza na ninyi wa Mbeya na Iringa mnaouza mazao kwa simu: unapiga picha, unaiweka WhatsApp au Instagram, na mnunuzi wa Dar es Salaam anatuma fedha kabla hajauona mfuko.

Mnunuzi huyo amekuamini. Sasa tazama imani inavyopotea. Stoo mna mifuko 40 ya maharage, yote rangi ya njano. Mifuko 20 ni Njano Uyole, 20 ni mbegu ya kienyeji. Mtu amelipia Njano Uyole, kijana anapakia iliyo karibu na mlango. Au mama watoto amemwuzia jirani mifuko mitano, na wewe huku unapokea fedha za mifuko hiyo hiyo. Fedha utarudisha, nauli ya mzigo imekwenda, na mteja harudi tena.

Dawa yake ni kuipa kila bidhaa alama fupi. Fanyeni hivi:

Kwanza, alama itaje zao, aina na uzito. MH-NU-20 ni maharage, Njano Uyole, kilo 20. MC-KY-10 ni mchele wa Kyela, kilo 10. Bei msiitie humo, maana hupanda na kushuka. Herufi O na I ziacheni; husomeka kama sifuri na moja.

Pili, alama iandikwe mahali patatu: kwenye mfuko kwa wino usiofutika, kwenye daftari, na chini ya picha ya simu. Mteja aagize kwa alama hiyo.

Tatu, daftari liwe moja kwa nyumba nzima, kila alama na ukurasa wake: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Una mifuko 20, umelipwa 6? Andika 14 papo hapo, hata kama ile 6 bado imo stoo. Kila Jumamosi hesabu mifuko. Ikipungua kuliko daftari, uliza siku hiyo hiyo. Ikiisha, ondoa picha.

Nne, mkiuza kwa kikundi, ongezeni namba ya mwanachama. Mfuko ukikutwa na mchanga, mtajua umetoka kwa nani, na wengine hawataonewa.

Alama hizi ni zenu, hazina malipo. Ile mistari myeusi inayosomwa na mashine madukani ni jambo jingine: hapa nchini hutolewa na GS1 Tanzania kwa malipo, na namba yake huanza na 620. Hiyo mtaitafuta mkitaka kuingia supamaketi. Kwa leo, kalamu na daftari vinatosha.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.