Protini Inayochochea Saratani ya Damu

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo tunazungumzia saratani ya damu, ambayo madaktari huiita lukemia. Ziko aina nyingi, lakini tutaichukua moja tu, ile inayokwenda polepole na inayowapata watu wazima zaidi kuliko watoto. Kwa kifupi huitwa CML.

Nimeichagua kwa sababu ya mama mmoja niliyemtembelea. Mumewe alikuwa ameambiwa kwamba ugonjwa wake unaletwa na protini mbaya. Mama huyu, kwa mapenzi yake yote, alirudi nyumbani akaondoa mayai, maharagwe, maziwa na omena kwenye sahani ya mumewe. Nilipofika, mgonjwa alikuwa amekonda na hana nguvu. Kosa si la mama. Kosa ni letu sisi wahudumu wa afya, tuliotaja neno bila kulieleza. Basi leo nalieleza.

Protini si chakula peke yake. Kila chembe ya mwili wako hujitengenezea protini zake za kufanyia kazi. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Humo, protini fulani hufanya kazi kama swichi ya taa. Ikiwashwa, chembe hugawanyika na kuongezeka. Ikizimwa, chembe hupumzika.

Maagizo ya kutengeneza protini hizo yamo katika nyuzi ndogo sana ziitwazo kromosomu. Kila mmoja wetu ana 46, jozi 23. Katika ugonjwa huu, ndani ya chembe moja tu ya uboho, kipande cha kromosomu namba 9 hukatika na kubadilishana nafasi na kipande cha namba 22. Ni kama karatasi mbili za maagizo zilizoraruka, kisha zikaunganishwa vibaya. Kutokana na maagizo hayo mabovu hutokea protini mpya, jina lake BCR-ABL. Hii ni swichi iliyokwama ikiwa imewashwa. Chembe hugawanyika mchana na usiku, na watoto wa chembe hiyo wote hurithi swichi hiyo mbovu.

Kwa hiyo, mama, protini hii haitoki jikoni kwako. Mpe mgonjwa mayai, maharagwe na omena. Anavihitaji.

Tena, hakuna aliyemroga. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, kitanda wala kukumbatiana. Hitilafu hii hutokea mtu akiwa amekwisha zaliwa, kwa hiyo hairithishwi kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto.

Je, utautambuaje? Mwanzoni huenda kusiwe na dalili yoyote. Baadaye mtu huchoka ovyo, hukonda, hutokwa na jasho jingi usiku, na hushiba upesi. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, huhisi uzito kwa sababu bandama imevimba. Hapa kwetu bandama ikivimba tunafikiria malaria, na mara nyingi ni kweli. Lakini ikiwa malaria imepimwa na haipo, au imetibiwa na uvimbe ukabaki, omba apimwe hesabu kamili ya damu. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika tone dogo mno la damu, ujazo wa milimita moja. Mgonjwa wa CML anaweza kuwa na zaidi ya 100,000. Hapo daktari ataagiza kipimo maalumu cha kuitafuta BCR-ABL yenyewe.

Sasa habari njema. Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwa wagonjwa hawa. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago alionyesha kwamba vipande viwili vilikuwa vimebadilishana nafasi. Na mwaka 2001 Marekani iliidhinisha tembe ya imatinibu, ambayo huingia kwenye protini hiyo na kuizuia isifanye kazi. Kabla ya hapo wagonjwa wengi waliishi miaka michache tu. Leo mgonjwa anayeanza mapema na kumeza dawa sawasawa anaweza kuishi karibu sawa na watu wengine.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Dawa huizima swichi, haiing'oi. Yule baba niliyemtaja alipata nafuu, akaanza kumeza tembe siku moja na kuruka siku moja ili zidumu. Miezi michache baadaye chembe nyeupe zilipanda tena. Kujisikia vizuri ni ishara kwamba dawa inafanya kazi, si ishara kwamba ugonjwa umekwisha. Wapo wagonjwa wanaoachishwa dawa baada ya miaka mingi, lakini ni kwa uamuzi wa daktari na kwa vipimo vya mara kwa mara.

Kwa hiyo, mlezi, fanya haya:

Mpe tembe kila siku saa ile ile, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji.

Asinywe maji ya balungi. Dawa yoyote ya miti shamba, mwambie daktari kwanza.

Macho yakivimba, misuli ikikakamaa au tumbo likichafuka, usimwachishe dawa. Rudi kliniki usaidiwe.

Mama anayetumia dawa hii asishike mimba wala asinyonyeshe kabla ya kuzungumza na daktari.

Tembe zikikaribia kwisha, au pesa zikikosekana, sema mapema. Uliza kliniki kuhusu msaada wa dawa na kuhusu bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024.

Usimgawie jirani dawa hii. Saratani nyingine za damu zina matibabu yake. Na mtoto akipauka, akitoka damu kwenye ufizi, akipata homa isiyoisha au akilia mifupa inauma, usingoje. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, maana saratani ya damu ya watoto kwa kawaida huenda haraka.

Msikilizaji, swichi ile hukaa imezimwa kwa tembe ya kila siku, na mara nyingi mkono unaoikumbusha tembe hiyo ni wako.