Kiyoyozi cha Gari Kikipuliza Joto: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipia Gesi

Mazungumzo kwa madereva na wamiliki wa magari



Gari linatoka Mariakani kuelekea Mombasa, kiyoyozi kinapuliza baridi safi. Likifika kwenye foleni ya kivuko cha Likoni saa saba mchana, upepo ule ule unageuka kuwa wa moto. Dereva anaambiwa, "Gesi imeisha." Analipa, anawekewa nyingine, na siku ya pili kwenye foleni ile ile jasho linamtoka kama kawaida. Pesa imekwenda na tatizo halijaguswa.

Neno hilo "imeisha" ndilo la kusahihishwa kwanza. Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaisukuma, inaacha joto lake kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, kisha inapita nyuma ya dashibodi ikifyonza joto la ndani ya gari. Ni kweli kwamba gari likizeeka, kiasi kidogo hupotea kwenye mipira na viungo kwa miaka. Lakini gesi iliyowekwa mwezi jana ikipungua mwezi huu, kuna mahali panapovuja, na kuongeza nyingine bila kupatafuta ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Na huyo dereva wa Likoni huenda hata gesi yake ni kamili. Barabarani, upepo wa mwendo hupoza kondensa. Kwenye foleni hakuna upepo huo, kazi yote ni ya feni. Feni ikiwa imekufa, au fyuzi yake imeungua, joto halina pa kwenda. Kukagua hakuhitaji fundi: gari lisimame, injini iwe inanguruma, kitufe cha A/C kibonyezwe, kisha feni itazamwe. Katika magari mengi itaanza kuzunguka papo hapo au baada ya muda mfupi. Mikono, ncha za leso na mikono ya kanzu zikae mbali, kwa sababu feni huanza bila kutoa taarifa.

Kondensa yenyewe hupata shida nyingi. Matope, wadudu na vumbi la barabara za murram huziba mapezi yake. Ioshwe kwa maji ya nguvu ndogo. Mashine ya kuoshea magari ikielekezwa karibu huyapinda mapezi hayo, na hali huwa mbaya kuliko mwanzo.

Upepo ukiwa wa baridi lakini dhaifu, tatizo ni jingine. Magari mengi yaliyotoka Japani yana chujio la hewa nyuma ya kisanduku cha dashibodi cha upande wa abiria. Wapo walioendesha gari lao miaka mitano bila kujua kwamba chujio hilo lipo.

Upepo ukiwa na nguvu lakini ni wa moto wakati wote, gari likienda au limesimama, hapo kompresa ishukiwe. Katika magari mengi, kitufe kikibonyezwa husikika mlio mfupi wa "tak" na sahani ya mbele ya kompresa huanza kuzunguka. Isipozunguka, sababu yaweza kuwa fyuzi, waya, au gesi kupungua mno hadi swichi ya usalama ikakata umeme. Magari mengi ya haibridi yana kompresa ya umeme yenye nyaya za rangi ya chungwa. Nyaya hizo zina umeme wa kuua. Ziachiwe fundi aliyesomea.

Fundi akisema panavuja, aonyeshe. Mara nyingi kiungo kinachovuja huwa na unyevu wa mafuta yaliyoshika vumbi, kwani mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Baada ya kuziba, mashine inyonye hewa na unyevu wote, kisha gesi ipimwe kwa uzito. Kiasi na aina huandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Magari mengi madogo huchukua kati ya gramu 400 na 600. Kuzidisha nako huleta upepo wa moto, ndiyo maana kukisia kwa geji peke yake hakutoshi.

Lipo jambo moja lisilo na mjadala. Gesi ya kupikia isiwekwe kwenye kiyoyozi, hata bei iwe rahisi vipi. Bomba likivuja nyuma ya dashibodi, gesi hiyo huingia walipokaa abiria, na cheche moja inatosha. Kwa matatu iliyojaa au gari la kubeba wagonjwa, hesabu ya hatari hiyo haihitaji kalamu.

Pia gesi ya zamani isifunguliwe ikaachwa iende hewani. Gesi ya R134a, iliyo kwenye magari mengi yanayotumika nchini, hupasha dunia joto takribani mara 1,300 kuliko uzito ule ule wa kaboni dioksaidi, na imo miongoni mwa zile ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza mjini Kigali mwaka 2016. Ikiruka kwenye jicho au ngozi, hugandisha na kujeruhi. Gereji iwe na mashine ya kuinyonya.

Mwenye gari aombe risiti iandikwe aina ya gesi, gramu zilizowekwa na kiungo kilichozibwa. Baridi ikipotea tena, fundi atakayefuata ataanzia hapo.