PRESHA YA OILI KATIKA LAND ROVER YETU: TUPIME KWANZA

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwa wanaushirika, Buhare)



Tumekutana kwa sababu ya gari. Land Rover yetu ni ya mwaka 1978, na siku hizi injini ikishapata moto, tukikaribia Makutano, sindano ya geji ya oili inalala chini. Wapo wanaosema injini ifunguliwe yote kwa fedha za akiba. Wapo wanaosema geji ni kuukuu, twende tu. Sisi tunasema hapana kwa pande zote mbili.

Pampu huvuta oili kutoka kwenye sampo na kuisukuma mpaka kwenye beringi za krenki, ili chuma kisisagane na chuma. Presha ikikosekana kweli, dakika chache zatosha kuiharibu krenki, na hapo hatuzungumzi tena bei ya oili. Kwa hiyo taa ya oili ikiwaka njiani, dereva asimame hapo hapo azime, hata kama amebeba dagaa wabichi.

Lakini geji nayo huongopa. Yetu ni ya umeme, inategemea kifaa kidogo kilichofungwa kwenye injini, na waya. Kifaa kikichoka, sindano inashuka na injini ni nzima kabisa. Taa nayo, waya wake ukichubuka ukagusa bodi, inawaka tu. Chomoa waya pale kwenye swichi ya oili. Taa ikiendelea kuwaka, ugonjwa ni wa waya.

Kabla ya yote, kijiti cha oili. Gari lisimame tambarare, injini izimwe, oili ipewe muda wa kushuka. Ikipungua, ongeza. Ikizidi alama na kunuka petroli, basi pampu ya petroli inavujia ndani na oili imekuwa nyepesi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Halafu fundi atoe kile kifaa, afunge geji isiyo ya umeme, apime injini ikiwa baridi na apime tena ikiwa ya moto. Mafundi hukadiria paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Presha ikiwa nzuri kwenye baridi halafu ikaanguka kwenye moto, beringi zimelika au pampu imechoka. Yawezekana pia ni vali ya presha, imebanwa na uchafu. Hayo yote hutazamwa kwa kushusha sampo, injini ikiwa mahali pake. Hakuna haja ya kuifumua yote!

Kuna ndugu anashauri tutie oili nzito. Sindano itapanda, ndiyo, ila beringi iliyolika hairudi.

Fundi wa Nyasho atakuja na geji yake Jumamosi asubuhi. Mpaka hapo gari halitoki, funguo anazo mtunza ghala, na magunia ya Bunda yatakwenda kwa gari la kukodi. Sisi tuliojifunza namba ukubwani tufike, tuzisome wenyewe.