Mvuvi wa Ndoana



Waingereza wana neno "angler". Si jina la kila mvuvi, bali la yule avuaye kwa mshipi na ndoana. Latokana na "angel", neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha ndoana. (Msidhani ni malaika! Jina hilo la malaika asili yake ni Kiyunani.)

Katika Injili twazoea kusikia habari za nyavu. Ndoana yatajwa mara moja tu katika Agano Jipya lote, Mathayo 17:27. Petro aagizwa kwenda ziwani kuvua samaki mmoja, ambaye kinywani mwake ataikuta fedha ya kulipia kodi ya Hekalu, kwa ajili yake na Bwana wake.

Sisi mapadre, nanyi makatekista, twaupenda zaidi wavu. Twahesabu waliobatizwa Pasaka, na moyo watulia. Nami nakiri kosa langu. Mzee mmoja aliacha kuja kanisani. Kwa kuwa mabenchi yalijaa, sikutambua hata mwaka ukapita. Nilipofika kwake jioni moja, alinisogezea kigoda, akaniuliza kwa upole: "Baba Padre, leo umepotea njia?"